Mbuzi Aliyekaa Shingoni

Kila Jumamosi, vyombo vya asubuhi vikishaoshwa na sakafu ikishapigwa deki, Bobini alipanda juu ya kiti na kufunga simu ya shangazi yake kwenye mpini wa ufagio. Mpini ule ulilazwa kwa juu, ncha moja kwenye kabati la nyuzi na ncha ya pili kwenye nondo za dirisha, na simu ikaning'inia kifudifudi kama popo, ikitazama meza ya kukatia. Watu waliofuatilia hawakuona uso wa shangazi. Waliona mikono yake, mkasi, chaki na kitambaa, basi. Na hivyo ndivyo shangazi alivyotaka.

"Uso wangu haujawahi kukata nguo," alisema. "Anayetaka kujifunza atazame mikono."

Bobini hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata hapo hapo kwenye chumba cha kushonea, maana bobini ni kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani bila kupumzika, na mtoto huyu naye kutulia hakukujua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mguu huku, mdomo kule. Mahali pekee alipokaa kitako kwa muda mrefu ni kwenye kigoda kando ya meza, Jumamosi, akiwa na simu yake kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Hapo alikuwa na kazi ya heshima. Darasa la shangazi lilirushwa moja kwa moja mtandaoni, laivu kama wanavyosema vijana, na watazamaji waliandika maswali. Shangazi ameinama, mikono imejaa, hawezi kusoma. Bobini ndiye aliyesoma kwa sauti, na shangazi akajibu bila kuinua kichwa.

Watazamaji wenyewe hawakuwa wengi. Walikuwa watu wapole, wengi wao wanawake wenye cherehani moja ya kuazima, wanaouliza maswali mafupi na kusema asante. Mmoja wao alijiita Sindano ya Kwanza. Huyo hakukosa hata Jumamosi moja. Aliuliza mambo madogo madogo, kisha akaandika, "Nimeelewa fundi, Mungu akuweke."

Bobini aliwapenda, lakini, tuseme ukweli, walimchosha. Alitamani laivu yenye vurugu kidogo.

Shuleni kulikuwa na mvulana waliyemwita Waya, kwa sababu mifuko yake haikukosa waya wa chaji. Siku moja wakati wa mapumziko Waya alimwonyesha Bobini laivu ya kaka yake anayecheza mpira wa kwenye kompyuta. Kila baada ya dakika chache picha ya kuchekesha iliruka kwenye kioo, ikapiga kelele, ikatoweka.

"Hizi ndizo meme," Waya alisema. "Unachagua picha, unaiwekea sauti, unapanga bei ndogo. Mtazamaji akilipa kwa simu, inatokea. Watu wanazipenda balaa."

"Wanalipa kwa ajili ya hii?" Bobini alishangaa. Kioo kilikuwa kimejaa kuku aliyevaa miwani.

"Wanalipa, tena wanashindana! Wewe shangazi yako ana laivu, mnalala tu."

Maneno hayo yalimkaa Bobini kichwani. Nyumbani hali haikuwa mbaya, lakini kila Ijumaa shangazi aliguna akinunua bando la intaneti la kurushia darasa. Darasa lilikuwa la bure. Bobini aliona kabisa jinsi atakavyomfurahisha.

Jumatano jioni alimkuta shangazi amepiga magoti mbele ya gauni la mteja, anabana pindo, na mdomoni ameshika pini, vichwa vyote vimechomoza nje. Bobini alijua fika kwamba mtu mwenye pini mdomoni haongei. Alikuwa ameishi na fundi tangu akiwa mdogo. Huenda ndiyo maana aliuchagua wakati ule, ingawa mwenyewe asingekubali.

"Shangazi, nikiweka vichekesho kwenye laivu, watu wakawa wanalipa kidogo ili vitokee, si itatusaidia bando?"

"Mmh," shangazi aliguna.

"Kwa hiyo niweke?"

"Mmh."

Jamani, mguno wa mtu mwenye pini mdomoni unaweza kuwa ndiyo, unaweza kuwa hapana, na unaweza kuwa niondokee hapa nisije nikameza chuma. Bobini aliuchukua ule wa ndiyo akakimbia nao.

Kesho yake yeye na Waya walikaa kwenye ngazi za nyuma ya darasa wakapanga kila kitu. Walichagua picha tatu: kuku mwenye miwani, mtoto mchanga aliyekunja uso kama hakimu, na mbuzi anayecheka meno yote nje. Mbuzi ndiye aliyekuwa bingwa. Sauti yake ilianza taratibu, meee, kisha ikapanda mpaka ukadhani anakabwa. Bobini aliijaribu kwa kuishika simu wima mbele ya uso wake. Mbuzi alitokea juu kabisa ya kioo, juu ya nywele zake, mahali pasipo na shughuli yoyote.

"Pametulia hapo," Waya alisema. "Hazibi kitu."

Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba simu ya shangazi haishikwi wima mbele ya uso. Inaning'inia, inatazama meza. Na pale juu ya kioo, mahali walipomweka mbuzi, Jumamosi huwa pana shingo ya nguo.

Jumamosi ikafika. "Leo tunakata shingo," shangazi alisema, akitandaza kitambaa. "Shingo ndiyo inayowashinda mafundi wengi, kwa hiyo fungueni macho."

Alipokuwa bado anapima, mtu mmoja alilipa akaleta kuku. Watu wakacheka kwa maandishi. Mwingine akaleta mtoto hakimu. Bobini alijibana asipasuke kwa kicheko. Wale waliocheka waliwaita wenzao, wenzao wakaja, na namba ya watazamaji pembeni ya kioo ikawa inapanda kama maziwa jikoni. Majina mapya yalitiririka. Hao hawakuuliza habari za kitambaa. Walimtaka mbuzi.

"Nachora mistari miwili," shangazi alisema, chaki mkononi.

Meee! Mbuzi akatua. Alikaa shingoni pale pale, meno nje, akacheka mpaka akamaliza. Chini yake chaki iliendelea kuchora na sauti ya shangazi iliendelea kueleza, lakini mtazamaji hakuona wala hakusikia. Mbuzi alipoondoka, mwingine akalipa, akarudi. Kisha tena.

"Ni mbuzi wa nani huyo?" shangazi aliuliza bila kuinua kichwa. Sauti ilikuwa imemfikia kupitia simu kuukuu ya Bobini.

"Ni watazamaji, shangazi. Wamefurahi leo."

"Haya. Mkishaelewa mistari, ukiwa na oda ya nguo zinazofanana, panga vitambaa kimoja juu ya kingine, bana na pini, kata mara moja. Unaokoa muda."

Ndipo ujumbe ulipotokea, katikati ya vicheko. "Fundi, nikate mstari upi? Picha imefunika." Ulitoka kwa Sindano ya Kwanza. Bobini aliuona. Aliuona vizuri sana. Akasema moyoni, nitausoma mbuzi akimaliza. Ukaja tena: "Samahani fundi, mimi naona mstari mmoja tu." Halafu wa tatu: "Fundi samahani kwa usumbufu."

Bobini alifungua mdomo. Lakini akili yake ilitangulia mbele kidogo: akisoma neno picha, shangazi atauliza picha gani, atanyanyua kichwa, atamwona mbuzi, na mchezo wote utaishia hapo, na watu wamejaa hivi. Akaufunga mdomo. Kidole chake kikafuta ujumbe wa kwanza, kikafuta wa pili, kikafuta wa tatu. Haikuchukua muda zaidi ya kukung'uta vumbi.

Darasa lilipoisha shangazi aliitazama namba akashika kiuno. "Mbona leo wamejaa hivi?"

"Wamekupenda, shangazi."

"Na hizi hela zilizoingia?"

"Zile za vichekesho. Si nilikuomba siku ile ukasema mmh?"

Shangazi alijaribu kukumbuka, akashindwa. Alikuwa amechoka, na bando la wiki iliyofuata lilikuwa limeshapatikana. Akacheka. "Haya, mtoto wa mtandao." Bobini alilala akiwa na furaha, ila furaha yenyewe ilikuwa na kijiwe ndani yake, kama kile cha kwenye kiatu.

Jumanne mchana, baada ya shule, mlango uligongwa. "Hodi hapa kwa fundi."

"Karibu!"

Aliingia mwanamke mwembamba, amekumbatia mfuko wa nguo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe na vimechanika kwa sabuni. Alisimama mlangoni kama mtu asiyetaka kuchafua sakafu.

"Shikamoo fundi. Mimi hunijui. Mtandaoni najiita Sindano ya Kwanza."

"Marahaba! Kumbe ni wewe?" Shangazi alirusha futi yake mezani akaenda kumshika mikono yote miwili. "Mwanafunzi wangu mwenyewe! Kaa, mama, kaa. Bobini, unamwona? Huyu ndiye yule wa asante."

Bobini alimwona. Akaamkia kwa sauti ndogo.

Mwanamke alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza. Alikuwa muosha vyombo kwenye mgahawa mmoja mjini. Sabuni ilikuwa inamla mikono, na usiku alijifunza kushona kwa cherehani ya jirani. Wiki iliyopita bosi wake, mwenye mgahawa, alimpa mtihani: vitambaa vya magauni matatu ya sare za wahudumu. Mgahawa ungefunguliwa upya Ijumaa, umepakwa rangi mpya. Akishona vizuri, kazi zote za kushona za pale zingekuwa zake, na sinki angeliacha.

"Nilipanga kimoja juu ya kingine, kama ulivyofundisha," alisema, akifungua mfuko. "Nikakata mara moja."

Shangazi alilitandaza gauni la kwanza. La pili. La tatu. Yote matatu shingo ilikuwa pana kama mdomo wa beseni. Ukimvalisha mtu, gauni lingemshuka mabegani.

"Umekata mstari wa chini," shangazi alisema taratibu. "Wa chini ni wa sindano, mwanangu. Wa juu ndio wa mkasi. Nilisema."

"Mimi niliona mstari mmoja tu." Mwanamke aliinamisha uso. "Niliuliza, fundi. Niliuliza mara tatu, hukunijibu. Nikajua nimekuchosha kwa maswali yangu ya kijinga."

"Uliniuliza?" Shangazi aligeuka. "Bobini. Mbona sikusomewa?"

Neno la kwanza lililomjia Bobini mdomoni ndilo lililotoka. "Labda ni mtandao, shangazi. Ulikuwa unakatika katika."

"Ni kweli," mwanamke aliwahi kusema, tena kwa upole. "Na simu yangu yenyewe mbovu, huniletea mapicha ovyo. Usimgombeze mtoto."

Afadhali angemzaba kibao. Bobini alisema anakwenda kuchemsha chai, akatoroka jikoni. Alisimama mbele ya birika bila hata kuwasha moto. Pazia la mlango lilikuwa jembamba, na sauti ya yule mwanamke ilipita.

"Nisikufiche, fundi. Nilikuja tu kukushukuru na kuaga. Bosi nitamweleza, atanikata kwenye mshahara taratibu. Kushona si kwa watu kama mimi. Wenzangu wote mtandaoni walikuwa wanacheka, wameelewa. Mimi peke yangu ndiye sikuona. Kichwa changu kizito."

Shangazi alianza kumbembeleza, lakini angesema nini, naye hajui kilichotokea?

Mtu anaondoka hapa anaamini yeye ni mjinga, na anayejua kwamba si kweli ni mmoja tu, amejificha nyuma ya pazia na birika la maji baridi. Bobini alilivuta pazia.

"Si mtandao," alisema. Machozi yalikuwa yameshamtangulia. "Shangazi, si mtandao. Aliuliza. Aliuliza mara tatu na mimi nikafuta."

"Ukafuta?" shangazi aliuliza. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbuzi."

Shangazi hakuelewa, na nani angeelewa? Ikabidi Bobini alete simu afungue darasa la Jumamosi lililohifadhiwa. Wote watatu waliinama juu ya kile kioo kilichopasuka. Shangazi aliiona mikono yake mwenyewe ikishika chaki, akajisikia akisema nachora mistari miwili, halafu, meee, mbuzi akatua shingoni akacheka. Alicheka peke yake. Pale chumbani hakuna aliyemsaidia. Mbuzi alipotoweka, ulionekana mstari mmoja tu, wa chini, na wa juu umefunikwa na kipande cha kuku aliyekuwa anaingia.

Mwanamke alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, kama anayepima kila neno, "Kwa hiyo sikuwa mjinga?"

"Hapana, dada," Bobini alilia. "Swali lako lilikuwa zuri. Hata mtu mwingine asingeona. Nilimweka mbuzi vibaya, na nilipokuona unauliza niliogopa shangazi ataniambia nimtoe. Nisamehe dada. Nisamehe shangazi."

Mwanamke alifunika uso kwa vile viganja vyake vilivyochanika, mabega yakamtikisika. Bobini alidhani analia. Alikuwa analia, ndiyo, lakini pia alikuwa anacheka. "Siku tatu silali," alisema. "Siku tatu najitukana. Kumbe mbuzi!"

Shangazi hakucheka, wala hakupiga kelele. Aliokota futi yake ya kupimia mezani, akaitundika shingoni. "Kugombezana kutasubiri," alisema. "Kwanza nguo. Mwanangu, mpigie bosi wako."

"Sasa hivi? Si tutengeneze kwanza, asijue?"

"Kitambaa ni chake. Hatuwezi kumtengenezea nguo nyingine kimyakimya halafu tukamwambia ndiyo ile aliyoiagiza. Piga."

Mwanamke alipiga, akasema amekata vibaya. Kabla hajamaliza Bobini alinyoosha mkono akaomba simu, akaeleza upande wake, mbuzi na yote.

"Mimi nafungua Ijumaa," bosi alisema. "Nguo zikipendeza, nitazipokea. Zisipopendeza, nitataka kitambaa kingine. Na huyo mbuzi msiniletee hapa."

Sasa kazi. Shingo ikishakatwa pana huwezi kuirudisha, lakini unaweza kuijaza. Shangazi alieleza: wataunga ukanda wa kitambaa cha rangi nyingine kufuata duara la shingo, kisha kola ikae juu yake, na mtu akiona ataona ni mtindo. Zile hela za vichekesho zilitosha kununua kitambaa cheupe. "Angalau mbuzi naye amefanya kazi," shangazi alisema, na hapo ndipo Bobini aliposikia kwamba hasira inapungua.

Yeye alipewa kufumua. Mabega ya magauni yalikuwa yameshashonwa, na mshono hufumuliwa uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano, bila kugusa kitambaa. Bobini asiyejua kutulia alitulia Jumanne mpaka jioni, na Jumatano akitoka shule akakaa tena. Vidole vilimwuma, akavipulizia, akaendelea. Waya alipita kumwita acheze, akachungulia dirishani, akasikia habari yote. Alikuna kichwa. "Kumbe nami nimo," alisema, akaingia, akaokota nyuzi zilizofumuliwa sakafuni mpaka pakawa safi.

Shangazi hakumshonea yule mwanamke. Alikata ukanda mmoja mbele yake, kisha akamkabidhi mkasi. "Kanda mbili zilizobaki ni zako. Oda ni yako."

"Nikikosea?"

"Uliza kabla hujakata. Mimi niko hapa, na mbuzi hayupo."

Akauliza. Aliuliza maswali mengi kuliko ya miezi yote ya mtandaoni, na kila moja lilijibiwa. Alhamisi jioni magauni matatu yalining'inia kwenye nondo za dirisha, na shingo nyeupe ziliyakaa vizuri.

Ijumaa bosi aliyageuza nje ndani, akavuta mishono kwa kidole gumba, akaamuru mhudumu mmoja avae, azunguke. "Mimi niliagiza shingo ya kawaida," alisema.

"Ndiyo, bosi," mwanamke alijibu. "Hili ni kosa tulilolirekebisha."

"Basi kosa hilo nishonee na aproni za jikoni. Jumatatu nitatafuta muosha vyombo mwingine."

Habari hizo mwanamke alizileta mwenyewe Ijumaa ile ile, mbio, bila hata kupiga hodi. Yeye na shangazi walikumbatiana wakazungushana kama watoto. Bobini alisimama kando, hajui kama naye ana haki ya kufurahi, mpaka akavutwa katikati.

Jumamosi ikafika tena. Shangazi hakuviondoa vichekesho. Alisema kicheko hakina kosa, kosa lilikuwa mahali pake. Bobini alivipanga upya akiwa juu ya kiti, simu ikiwa imeshaning'inia, akatazama picha itaangukia wapi mezani. Aliviweka chini pembeni, penye sahani ya pini tu. Akaondoa sauti. Akavifunga visitokee ila wakati pasi inapokanzwa, ambapo hakuna cha kutazama. Halafu, kwa kuwa shangazi alitaka hivyo na yeye mwenyewe alitaka zaidi, alipaswa kuanza darasa kwa kuwaambia watu kilichotokea wiki iliyopita.

Kabla ya kuwasha, alishuka kwenye kiti, akasimama mbele ya shangazi.

"Shangazi, baada ya hapo nitafute mtu mwingine wa kukusomea maswali?"

Shangazi alikuwa anachonga chaki. Aliiweka chini. "Kwanza nikwambie kosa langu. Uliponiomba, niliguna. Na nilipoona namba, nilifurahi, sikuuliza imetoka wapi. Hilo ni langu. Lako ni hili. Wale waliolipa walikuwa wengi na walikuwa na kelele, ukadhani wao ndio darasa. Aliyekuja kujifunza alikuwa mmoja, hana hela ya mbuzi, ana swali tu. Ukalificha swali lake ili mimi nisione ulichofanya, na uongo ule haukuniumiza mimi. Ulikwenda kumwangukia mtu asiyejua kitu, akabaki anajilaumu. Ndivyo uongo unavyofanya, Bobini. Huwa haumpati aliyeutuma."

Bobini aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

"Lakini ungeweza kubaki nyuma ya lile pazia," shangazi aliendelea. "Mtandao ulikuwa umeshakutetea, na yeye mwenyewe alishakutetea. Ukatoka. Mtu anayeweza kutoka vile, mimi namwamini kunisomea." Akampangusa uso kwa pindo la gauni lake. "Washa."

Bobini aliwasha. Akasema yote, kuanzia pini za mdomoni mpaka ujumbe alioufuta. Waliokuja kwa ajili ya mbuzi waliandika maneno ya kuchoka, wakaondoka, na namba pembeni ya kioo ikashuka, ikashuka, mpaka wakabaki wale wale wapole wa siku zote. Shangazi alikwisha kuinama. Mkono mmoja ulikuwa umelaza kitambaa, wa pili umeshika chaki, na hawezi kuona chochote kilichoandikwa.

"Haya," alisema. "Nani ameuliza?"